Safu ya Maelezo

Mimi ni mtu wa lita.
Lita elfu moja za maji, simtanki nyuma ya pikapu,
kutoka bondeni Kitangari hadi huku juu Newala,
ambako ndoo huulizwa bei kabla ya salamu.
Lita za petroli upande wa pili wa daftari.
Safu nne, nimezichora kwa rula ya mtoto:
tarehe, lita, kilomita, maelezo.

Hadi Idi, lita moja ilinipa kilomita nane,
saba na nusu siku za mchanga.
Kisha gari likaanza kukohoa kwenye kona ya mwisho.
Fundi Chilumba akasema plagi zimechoka,
akazing'oa zote nne, akanionyesha ncha zilivyolika
kama kisigino cha ndala,
akafunga mpya.
Gari likanguruma vizuri. Nikalipa, nikashukuru.

Wiki ile, sita.
Wiki ya pili, tano na kitu.
Sikukiandika hicho kitu.

Nilipima upepo wa matairi: upo.
Nilishika ringi baada ya mlima, moja moja,
kama mama anayepapasa paji la uso wa mtoto,
nione kama breki inang'ang'ania. Zote vuguvugu, sawasawa.
Nilikung'uta chujio la hewa, likatoa vumbi jekundu
la kutosha kukandika kibanda.
Nililala chini ya tangi na kipande cha karatasi: hakuna tone.

Ndipo nikamgeukia Shaibu.

Shaibu mtoto wa dada yangu, ndiye dereva,
ndiye anayejaza, ndiye anayelala na funguo.
Alikuwa amenunua viatu vyeupe.
Nikawa nampa mkono, nauchelewesha kuuachia,
nausogeza karibu na pua.
Ulinuka petroli. Bila shaka ulinuka petroli;
ulitaka unuke asumini?
Kwenye safu ya maelezo nikaandika, kwa wino,
Shaibu, na alama ya kuuliza.
Siku iliyofuata alama sikuiweka.

Jumapili alikwenda arusini Tandahimba.
Nikafungua boneti peke yangu, simu nimeibana kwa kidevu inimulikie,
nikang'oa plagi ya kwanza kwa spana ya kuazima.
Nyeusi. Masizi makavu, kama chungu cha matanga,
plagi ya wiki tatu!
Ya pili nyeusi. Ya tatu. Ya nne.
Moto unaokosa hewa hula kuni na kutoa moshi,
hilo halihitaji fundi; nimepika ubwabwa wa watu mia.

Nikafuata kwa kidole njia ya pumzi:
chujio, kabureta, na pale kooni
kile kibati cha choki kimelala nusu, hakirudi.
Waya wake umebanwa chini ya waya wa plagi ya tatu,
palepale mkono wa Chilumba ulipopita kwa haraka.
Nikauchomoa.
Kibati kikasimama wima: tak.

Wiki tatu gari langu limepanda mlima likiwa limekabwa,
na maji limeleta.

Jumanne, kilomita nane na robo.
Ni Shaibu aliyejaza, ni Shaibu aliyeniletea daftari,
limefunguliwa ukurasa ule.
Ameandika tarehe, lita, kilomita,
mwandiko wake wa kulala upande mmoja.
Safu ya mwisho ameniachia.

Wino haufutiki kwa mate, nilishajaribu usiku.
Nikaandika: choki.
Nikaona haitoshi,
lakini safu ni nyembamba, na niliichora mwenyewe.

Akauliza kesho tuanze saa kumi na moja au kumi na mbili.
Viatu vyeupe hakuvivaa, alikuwa na ndala.
Nikamwambia, dereva ni wewe.